Magauni Mawili kwa Kipimo Kimoja

6 Januari

Mwanangu Kufuli,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini najibu mapema, maana nikiingoja shikamoo yako hii kalamu itakauka. Hapa nyumbani wote wazima. Baba yako anakohoa kidogo, ila ni kile kikohozi cha kutaka kuhurumiwa. Bibi yako magoti yanamsumbua pale tu vyombo vinapotakiwa kuoshwa. Cherehani yangu kubwa nimeifunga mkanda mpya, sasa inanguruma kama gari la waziri, mpaka wapita njia wanasogea pembeni.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu nimechoka nayo. Nikikupigia unasema "sawa mama" mara tatu, halafu mtandao unakatika. Huo mtandao wenu una adabu sana, haukatiki kabla ya "sawa mama" ya tatu. Barua huwezi kuikata. Unaweza kuichana, lakini kwa ninavyokujua utaisoma kwanza.

Habari kubwa: dada yako Bingwa amekuwa wa kwanza tena! Wa kwanza katika watu mia na arobaini, chuo kizima cha udaktari, na humo wamo watoto wa madaktari, watoto wa maprofesa, watoto waliozaliwa wakakuta vitabu kitandani. Na nani anawapita? Mtoto wa fundi cherehani na fundi redio. Mimi shule niliiacha kabla haijanizoea, lakini tumbo langu halikuacha shule. Karatasi ya matokeo nimeibandika kibandani juu ya kioo cha wateja, ili mtu akijitazama kiuno aisome pia. Mama Zipu, yule fundi wa ng'ambo ya barabara ambaye hajawahi kushona zipu ikafunga mara ya pili, alikuja eti kuazima sindano. Sindano! Alikuja kusoma. Nikamwacha asome mara mbili, na penye maneno magumu nikamsaidia, ingawa na mimi nilikuwa nabuni.

Na wewe je? Huu mwaka wa tatu uko kwenye hiyo hospitali kubwa unasomea udaktari, na sijaona hata karatasi moja. Nikikuuliza alama unasema "zipo." Hata vumbi lipo, mwanangu.

Nakutumia gauni kwa basi la mizigo. Kitambaa ni kile cha rangi ya mawingu, nilikipata kipande kizima, nikakikunja na kukata mawili kwa mkasi mmoja kama kawaida. Bingwa alipokuja likizo nilimpima. Wewe hukuja, lakini wewe sina haja ya kukupima, mmelala tumbo moja. Ukilivaa usimame wima, si unavyosimamaga.

Mama yako,
mama wa madaktari wawili

*

9 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote. Mimi sijambo. Msalimie baba na bibi.

Gauni limefika. Rangi ni nzuri. Masomo yanaendelea. Chakula kipo. Mvua imenyesha mara moja.

Bingwa nimeshampongeza.

Kama utaweza, naomba ule mkasi wako wa zamani, mzito, wa kukatia turubai. Pia naomba soksi ndefu za kike zilizochakaa, zozote, hata zilizotoboka. Nyingi kadiri utakavyopata.

Alama zipo. Vumbi pia lipo, jingi.

Mwanao

*

27 Februari

Mwanangu Kufuli,

Marahaba. Shikamoo hii nimeipata kweli na nimeiweka. Barua yako nimeisoma nimekaa, nimeisoma nimesimama, haikurefuka. Nikamsomea baba yako, akasema, "Ameandika vizuri." Huyo naye! Nyinyi wawili mkiwekwa chumba kimoja, hata saa ya ukutani inaona haya kugonga. Redio mbovu alizonazo mezani zinaongea kuliko yeye, na hizo hazina betri.

Mkasi huo hapo. Soksi nimezizungukia mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, kama mtu wa sensa. Watu wakauliza: soksi kuukuu za nini? Na mimi ningejibu nini, wakati hukuniambia? Nikasema ni za upasuaji. Nikasema siku hizi madaktari hujifunza kushona ngozi kwenye soksi kwanza, ndipo wanapewa mtu. Mama Zipu akafungua mdomo nikaona mpaka gego lake la mwisho. Akaenda akarudi na pea nne. Kwa hiyo ukipasua vizuri ujue na yeye ana mkono wake humo, na atalisema hilo mpaka tunamzika.

Ngoja sasa nikupe uhondo. Nimebadilisha bango la kibanda! Lile la "Ushonaji wa Kisasa" nimeling'oa, maana kisasa kila mtu anacho. Jipya linasema MAMA MADAKTARI, USHONAJI WA AINA ZOTE. Na mmechorwa nyinyi, mmoja kushoto mmoja kulia, makoti meupe, vipimo vya moyo shingoni. Mchora mabango alitaka picha. Za Bingwa ninazo tele, kuanzia ya kupewa zawadi hadi ya kupewa zawadi nyingine. Yako nimetafuta mpaka chini ya godoro. Kila picha ama umegeuka, ama umeinama unafunga kiatu, ama umesimama nyuma ya mtu mnene. Basi nikamwambia amchore Bingwa mara mbili, si pacha? Mmependeza, mwanangu! Watu wanasimama kuwatazama. Dereva mmoja wa lori amepunguza mwendo.

La mwisho ndilo la maana. Tarehe kumi na nne mwezi wa sita Bingwa anavishwa nishani ya chuo, ukumbi mkubwa, wageni mia nne. Nataka tukae pamoja mbele, wewe kushoto kwangu, na akishuka jukwaani yeye kulia, mmevaa sare. Magauni naanza kuyakata. Usiniambie "sawa mama". Niambie "nakuja".

Mama Madaktari

*

5 Aprili

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi zilikuwa nyingi. Baba amepona kikohozi? Magoti ya bibi yanaendeleaje?

Asante kwa mkasi na soksi. Zimetosha. Mshukuru Mama Zipu, lakini usimweleze zaidi ya hapo.

Kuhusu bango, nafurahi kwamba limependeza. Mimi ni yupi, wa kushoto au wa kulia? Nauliza ili nikija nisisimame mahali pa mtu.

Kuhusu tarehe kumi na nne mwezi wa sita, sitakuja. Nina kazi siku hiyo.

Tafadhali usinishonee gauni.

Mwanao

*

22 Aprili

Kufuli,

Marahaba. Bibi yako mzima. Baba yako mzima. Mgonjwa ni mimi, na ugonjwa wangu una saini yako chini.

"Nina kazi siku hiyo." Kazi gani ya mwanafunzi? Wagonjwa wenu hawawezi kuugua bila wewe siku moja tu, ukaja kumpigia dada yako makofi? Barua yako nimekaa nayo wiki nzima mfukoni mwa aproni, na kila nikiinama kukata inanichoma kama pini iliyosahauliwa. Nitalisema, na kama nakosea Mungu anisamehe: una wivu. Tena wa tangu tumboni. Mwenzako alitoka analia, watu wakashangilia. Wewe ukangoja dakika ishirini nzima, ukatoka kimya, mkunga akakupiga kofi mara tatu ndipo ukatoa kisauti kama mtu anayeomba radhi kwa kupita. Nikasema huyu ni kufuli, na ufunguo kaumeza. Mwenzako akisimama mbele ya shule kughani shairi, wewe uko nyuma ya pazia unakunja viti. Mtu akikuuliza umekula nini, unajibu "chakula".

Na nguo! Nawakatia kitambaa kimoja, mkasi mmoja, mkono huuhuu uliowavisha wake za wakubwa. Yeye gauni linamkaa kama limemiminwa. Wewe pindo limeshuka upande mmoja. Nakuambia simama wima, unanitazama tu. Nguo imenyooka, mwanangu. Wewe ndiye umepinda. Nilikuambia ukiwa na miaka saba na leo nakuambia tena.

(Baba yako amesoma hapa begani kwangu, anasema nifute sentensi hiyo. Sifuti, karatasi itachafuka.)

Gauni nalishona, utake usitake. La zambarau.

Barua hii hailetwi na basi. Anakuja nayo mwenyewe Tarishi, mzee wetu aliyekuwa akisambaza barua kwa baiskeli mtaani kabla ya kustaafu. Ugonjwa wa sukari umemla mguu wa kulia, wameukata chini ya goti, na ameandikiwa aje huko kwenu apewe wa bandia. Alikaa kibandani kwangu akilia kama mtoto, mtu aliyepiga pedali miaka thelathini. Nikamwambia, baba, futa machozi, binti yangu ni daktari hapohapo! Ukifika getini sema tu "namtaka daktari, mtoto wa Mama Madaktari," watakupokea kama balozi. Basi usiniaibishe. Mpokee, mpeleke kwa huyo fundi wa miguu, umwambie amfanyie kazi ya maana kwa sababu ni mtu wako.

Mama yako, bado

*

19 Mei

Mama,

Shikamoo. Baba na bibi nawasalimu sana.

Tarishi alifika salama, ila kunipata haikuwa kazi ndogo. Alikaa getini tangu asubuhi mpaka saa nane mchana akimdai daktari, mtoto wa Mama Madaktari. Mlinzi akamletea madaktari watatu wa kike, mmoja baada ya mwingine. Wote akawakataa, akasema hawafanani na bango. Mwishowe mlinzi akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi karakana yetu, kwa sababu mtu asiye na mguu huishia kwetu hata akigoma. Akanikuta na aproni ya turubai, plasta mpaka viwikoni, nywele nyeupe kwa vumbi. Akanitazama weee, akasema, "Wewe si yule wa kukunja viti?" Nikasema ndiye. Akasema, "Haya, niitie daktari." Nikasema hayupo.

Hayupo, Mama. Hajawahi kuwapo. Siku naondoka nilikuambia naenda kusomea kazi ya hospitali. Ulikuwa umebana pini mdomoni. Ukazitema, ukatoka nje, ukamtangazia Mama Zipu udaktari. Nilipotokeza na sanduku langu mtaa mzima ulikuwa unanipigia makofi. Ningeanzia wapi? Nikajiambia nitamweleza wiki ijayo. Wiki ijayo hiyo sasa ina miaka mitatu.

Nasomea kutengeneza viungo vya bandia. Miguu, mikono, na viatu vya watu ambao viatu vya dukani haviwafai. Huyo fundi wa miguu uliyetaka nimpelekee Tarishi ni mimi. Soksi za Mama Zipu tunazivisha kigutu, kile kipande cha mguu kilichobaki, kabla ya kupaka plasta ya kuchukulia umbo, ili ikikauka isiondoke na ngozi ya mtu. Mkasi wako unakata mikanda. Alama zangu ni nzuri: mwaka wa kwanza nilikuwa wa pili, wa pili nikawa wa kwanza. Sikukuambia kwa sababu ungezibandika chini ya za Bingwa, halafu ungeanza kubuni maneno magumu.

Sasa la pili, na unapolisoma usikae karibu na dirisha linalotazamana na Mama Zipu. Somo la kwanza la fundi mkuu wetu, mzee ambaye hatujawahi kuona meno yake, lilikuwa hili: "Hapa hakuna kukata kwa kipimo cha mtu mwingine. Hata miguu miwili ya mtu mmoja hailingani." Akatuambia tupimane wenyewe kwa wenyewe. Nikalala mezani, mwenzangu akanipima kutoka nyonga hadi kifundo cha mguu. Akapima tena. Akamwita fundi mkuu. Mguu wangu wa kushoto ni mfupi kwa sentimita moja na nusu. Nilizaliwa nao hivyo. Fundi mkuu akauliza kama nyumbani hapakuwa na mtu wa kuona. Nikamwambia mama yangu ni fundi cherehani, futi ya kupimia haijatoka shingoni mwake miaka thelathini. Hapo ndipo tukaona meno yake. Kisha akanifundisha kukata kipande cha soli cha kuongeza ndani ya kiatu, akasema hiyo ndiyo iwe kazi yangu ya kwanza.

Sikupinda, Mama. Sikupimwa.

Tarehe kumi na nne mwezi wa sita ni mtihani wangu wa mwisho. Tarishi atavaa mguu niliomtengenezea, atembee hatua ishirini mbele ya watahini wawili, bila gongo. Akifika, nimefaulu. Akianguka, narudia mwaka, na yeye anarudia kulia. Sikuandikii haya kukualika. Nenda kwa Bingwa, amestahili. Nakuandikia kwa sababu Tarishi atarudi huko, na mdomo wake unaujua. Miaka thelathini alisambaza habari za watu zikiwa ndani ya bahasha. Siku hizi bahasha hana.

Mwanao,
Kufuli

*

3 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo.

Barua yako nimeisoma. Baba yako naye ameisoma, akaniuliza swali moja tu: "Ulimpima lini mara ya mwisho?"

Nikafungua daftari la vipimo, lile la jalada jekundu. Wamo wateja mia tatu na zaidi. Mama Zipu yumo, maana nguo zake haziamini mkono wake mwenyewe. Hata makochi ya mwenye duka la dawa yamo. Bingwa ana kurasa nne, kila mwaka na kipimo chake, na pembeni ya kila kipimo nimeandika: mara mbili.

Wewe humo hata mstari mmoja.

Daftari bado liko wazi mezani.

Mama

*

28 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na hizi ni za shikamoo zako zote za miaka mitatu, nazijibu kwa mpigo. Baba yako mzima, kikohozi kilikwisha nilipoacha kukiuliza. Bibi yako ameosha vyombo jana bila kuambiwa, tukaogopa.

Nianze na kosa langu tulimalize. Nilikwenda kwa Bingwa. Ulisema hunialiki, na mimi nina kiburi, chako hukukitoa mbali. Nikasema asiyealika asilalamike. Ukumbi mkubwa, feni kumi na nane, wageni mia nne. Nikakaa safu ya mbele, gauni lako la zambarau nimelikunja juu ya kiti cha kushoto. Kila aliyetaka kukaa nikamwambia pana mtu. Mama mmoja wa kofia akauliza huyo mtu yuko wapi, nikamjibu, "Anakunja viti." Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Bingwa akaitwa, akavishwa, watu wakapiga makofi mpaka feni hazisikiki. Akashuka moja kwa moja kwangu. Nikafungua mikono. Akatazama kile kiti, akasema, "Mama, umekosea ukumbi."

Nikamwambia, mwanangu, leo ni siku yako.

Akasema, "Hapa ninao mia nne wa kunipigia makofi. Kule yuko mzee mmoja, na mikono yake iko kwenye ukuta asianguke."

Kumbe alijua! Tangu siku ya kwanza alijua. Miaka mitatu nyinyi wawili mmejifungia ndani, mimi niko nje ya mlango napiga vigelegele. Na hakuishia hapo. Akaniambia yale magauni hata yeye hakuyapenda, kwapa linabana, alikuwa akinyamaza kwa sababu mimi nafurahi. Miaka yote hiyo! Kwa hiyo nilikuwa nakata kwa kipimo kimoja na hata huyo mmoja hakimtoshi. Usimwambie Mama Zipu.

Nilirudi nyumbani sikuthubutu kukupigia simu. Mimi! Niliogopa "sawa mama". Nikakaa kibandani siku tano sijui umefaulu au umeanguka, nikashona mfuko wa suruali ukakaa nje.

Siku ya sita basi likasimama. Akashuka mtu, nikamjua kwa kofia, si kwa mwendo. Tarishi! Gongo amelibeba begani kama jembe la mtu anayetoka shamba. Akavuka barabara kwa miguu miwili, akasimama mbele yangu, akasema, "Nina barua yako. Ndiyo hii," akainua suruali. Nikachuchumaa hapohapo kwenye vumbi nikaushika. Nikatazama mikanda. Nikatazama mshono. Mwanangu, mshono ule ni wangu. Ile kurudisha sindano nyuma hatua mbili kabla ya kukata uzi, hakuna fundi mwingine anayeifanya. Umeiona wapi kama si nyuma ya cherehani yangu, ukiwa umekaa chini umenyamaza nikidhani unanuna?

Nikamtembeza. Kutoka bomba la maji mpaka duka la dawa, kwenda na kurudi, mara nne, mpaka akaomba kiti. Watu wakatoka nje. Mama Zipu akaja amefunga mikono kifuani, akasema kwa sauti ya kusikika, "Kumbe si daktari. Ni seremala wa miguu."

Nikamwambia, "Shoga yangu, daktari ndiye aliyeukata. Wangu ndiye aliyeurudisha. Na hiyo zipu yako iko wazi."

Ilikuwa wazi kweli.

Bango nimemwita mchoraji. Uso wa kushoto nimemwambia aufute, sasa pako peupe. Wateja wanauliza huyo amepatwa na nini, nasema alikuwa mtu mwingine. Na neno MADAKTARI amelipaka rangi, limebaki MAMA peke yake, anangoja nimwambie aandike nini mbele. Nami nangoja picha. Moja tu, hata ya kitambulisho.

Gauni la zambarau nimelitundika, sitaki kuliona. Nimekata jipya. Vipimo sikuwa navyo na kukuomba niliona aibu, basi nikatoa sanduku la sare zako za shule. Nikazitandaza, nikasoma palipochakaa. Bega la kulia limelika kuliko la kushoto. Kiwiko kimetoboka juu zaidi ya cha Bingwa, kumbe mikono yako ni mifupi. Pindo la kushoto limesagika lote, lilikuwa likigusa benchi miaka saba. Nguo zile zilinieleza mambo ambayo wewe hukuyasema, na mimi nilikuwa nazifua kila wiki.

Kwa mara ya kwanza tangu mzaliwe nimekata bila kukunja kitambaa. Upande wa kushoto wa pindo nimeupandisha sentimita moja na nusu. Ukilitandaza kitandani utaona limepinda. Usinilaumu, livae.

Na ile sentensi baba yako aliyosema niifute, nimeifuta sasa. Ila barua iko kwako, kwa hiyo kaifute wewe, mkono wako uwe wangu.

Mama

*

30 Julai

Mama,

Shikamoo. Mimi sijambo, na leo sisemi kwa mazoea. Nimefaulu. Tarishi alitakiwa hatua ishirini akatembea ishirini na nne. Nne za mwisho zilikuwa za maringo, watahini wakamwomba akae.

Bibi mwambie aache vyombo, atatuua kwa hofu.

Gauni limefika. Mabega yamekaa. Mikono imeishia panapoishia mikono yangu. Nililivalia karakanani, pale penye kioo kirefu ambapo wagonjwa hujitazama wakisimama mara ya kwanza. Nikasimama wima kama ulivyonifundisha. Pindo likapanda upande wa kushoto, sentimita moja na nusu kamili, hakuna kosa.

Barua yangu ya mwezi wa tano uliisoma nusu, kama kawaida yako. Nilikuandikia habari za kipande cha soli. Nakivaa kiatuni tangu mwaka wa kwanza. Nikiwa na viatu, Mama, mimi nimenyooka. Safari hii nguo ndiyo iliyopinda.

Wenzangu wakacheka mpaka fundi mkuu akaja kuona kuna nini. Akalizunguka gauni mara mbili, akashika ule mshono, akasema fundi aliyelikata ana mkono, na pindo linashushwa kwa dakika tano. Akanipa sindano. Nikaishika. Nikaitazama ile kazi yako ya kurudi nyuma hatua mbili. Nikamrudishia sindano yake, nikavua viatu, pindo likalala sawa.

Sentensi ile nimeifuta. Karatasi imechafuka kweli.

Picha hiyo hapo. Sikugeuka, sikuinama, na hakuna mtu mnene mbele yangu. Mpe mchora mabango. Mwambie asiishie kifuani kama alivyozoea, achore mpaka chini kwenye nyayo, na asije akanivalisha viatu.

Mwanao wa kushoto